Jino la jiwe korongoni, tulifanyeje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mdogo wangu alikuwa anachunga mbuzi huku kwetu Karatu, akaokota korongoni kitu kama jino ila zito kama jiwe. Kaleta nyumbani anataka alisugue na msasa ling'ae. Hivi wataalamu wanajuaje mfupa una miaka mamilioni? Na hili letu lina maana yoyote?
Msomaji, Karatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza msasa hapana, tafadhali sana.

Umri sasa. Wengi wanadhani unapimwa mfupa wenyewe, kumbe kwa vitu vya kale hivyo yanapimwa majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Volkano ikilipuka ule moto unafukuza gesi ya agoni kwenye mawe, hesabu inaanza sifuri, toka hapo potasiamu iliyomo inageuka agoni polepole mno, wakipima imejikusanya kiasi gani wanapata miaka.

Ndo maana mahali ni kila kitu. Tarehe 17 Julai 1959 kule korongo la Olduvai mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alitoka asubuhi, mumewe Louis kabaki kambini anaumwa, akaona mfupa umechungulia mtelemkoni, akapangusa udongo taratibu, meno mawili makubwa hayo hapo. Hawakung'oa siku hiyo! Walisubiri mpiga picha kwanza, halafu wakachimba na kuchekecha udongo mpaka vipande kama 400 hivi, wakaunga fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu waliloliita Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu hii. Louis alikadiria miaka laki sita hivi, mwaka 1961 majivu yakapimwa ikatoka milioni 1.75, dunia nzima ikageuza macho huku kwetu.

Na pale pale kulikuwa na zana za mawe na mifupa ya wanyama. Mwanzoni walidhani mwenye zana ni huyo Zinjanthropus, ila kuanzia 1960 yakapatikana jirani mabaki ya mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, 1964 wakamwita Homo habilis, na wengi wakaona huyu ndo fundi. Mabishano hayo yote yaliwezekana kwa sababu kila kipande kiliandikwa kilipolala.

Jino lenu huenda ni la mnyama tu, na la mnyama nalo lina habari zake. Lifungeni kwenye kitambaa kikavu, msilioshe, mkatoe taarifa serikali ya kijiji wawaunganishe na watu wa Mambo ya Kale. Ila kabla ya yote dogo akuonyeshe alipookota, leo hii, piga picha, weka alama, maana mvua moja tu ikishuka korongoni hapo hapatambuliki tena.