Maswali ya Wasomaji: Kusimamisha Mwendo kwa Kamera ya DSLR

SWALI: Mhariri, salaam. Hupiga picha za mechi za vijana katika uwanja wa mtaani kwetu, ambazo huanza saa kumi jioni na mara nyingi humalizika jua likiwa limekwisha kuzama. Natumia kamera ya Canon niliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na lenzi ya EF-S ya milimita 55 hadi 250. Nikiiacha kamera ijipangie yenyewe, magoli na watazamaji hutoka vizuri, lakini miguu ya wachezaji na mpira huonekana kama moshi. Rafiki yangu ananishauri nitafute lenzi yenye kizuia mtikisiko. Je, hilo litanisaidia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Halitakusaidia, kwa sababu kizuia mtikisiko hutuliza mkono wa mpiga picha tu, wala hakina mamlaka juu ya mguu wa mchezaji. Ushahidi umeutoa wewe mwenyewe: kama mkono wako ndio ungekuwa na kasoro, magoli nayo yangetoka yametikisika. Tena lenzi ya Canon uliyoitaja tayari ina kizuia mtikisiko, kwa hiyo ungetoa fedha zako kununua kitu ambacho unacho.

Kinachokukwamisha ni kasi ya shata, yaani muda ambao mapazia yaliyo mbele ya sensa (kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha) huruhusu mwanga uingie. Tuchukue mchezaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde. Kamera ikichagua 1/125 ya sekunde, jambo ambalo hulifanya mara nyingi mwanga unapopungua, mchezaji huyo husogea zaidi ya sentimita 5 shata ikiwa bado iko wazi. Mpira uliopigwa kwa mwendo wa mita 25 kwa sekunde husogea sentimita 20, karibu sawa na upana wa mpira wenyewe, na ndiyo maana unauona kama moshi. Ukipandisha kasi hadi 1/1000, mchezaji husogea milimita 7 tu na mpira sentimita 2 na nusu. Kwa soka, basi, anza na 1/1000, na usishuke chini ya 1/500 ila pale unapolazimika. Upande anaoelekea mchezaji una uzito wake pia: anayekatiza mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia huhitaji kasi kubwa kuliko anayekujia uso kwa uso, na hii ni sababu mojawapo ya wapiga picha wengi wa michezo kupenda kukaa nyuma ya mstari wa goli.

Geuza gurudumu la juu ya kamera hadi kwenye alama ya Tv (wenye Nikon wataona S), uweke 1/1000, kisha uiachie kamera kazi ya kuchagua ukubwa wa tundu la lenzi. ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nayo iweke katika otomatiki, na kama menyu inakuruhusu kuweka kikomo, kiweke 6400. Saa kumi, jua likiwa bado kali, utashangaa jinsi kazi inavyokuwa nyepesi, kwani hata tundu likiwa f/5.6 (nambari ya f inapokuwa ndogo, tundu huwa kubwa), ISO 200 inatosha na kubaki. Matatizo huanza jua linapoinama, kwa kuwa huku kwetu karibu na ikweta giza haliji polepole. Lenzi yako ikivutwa hadi milimita 250 haiwezi kufungua tundu zaidi ya f/5.6, na shata umekwisha kuiamuru isipunguze kasi. Kinachobaki ni ISO, ambayo kila inapoongezwa mara mbili hupunguza kwa nusu mwanga unaohitajika. Kuanzia hapo utapanda 800, 1600, 3200, mpaka ufike 6400. Ukiona nambari ya tundu inamweka ndani ya kitundu cha kutazamia, kamera inakuarifu kwamba mwanga hautoshi tena, na hapo ndipo unapoweza kushuka hadi 1/500.

Najua wengi huogopa ISO kubwa kwa sababu ya chenga, yaani vidoadoa vinavyotapakaa kwenye picha. Mimi naona hofu hiyo imezidi kipimo. Chenga hupunguzwa na programu za kompyuta, na picha ikichapishwa kwa ukubwa wa kawaida hazionekani sana. Mguu uliopotea katika ukungu haurudi kwa programu yoyote ya kusafishia picha. Mwenye fedha anaweza kununua lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo huingiza mwanga takriban mara 10 ya ule wa f/5.6, ingawa kwa uwanja mzima wa mpira ni fupi mno na itakufaa karibu na goli tu.

Jambo la mwisho ni fokasi, yaani kulenga ili mchezaji aonekane wazi: chagua AI Servo, ambayo humfuata mchezaji anavyosogea, pamoja na upigaji wa mfululizo. Fokasi ikikosea, picha huwa na ukungu hata kwa 1/4000, na wapo wanaoilaumu shata bure.

SWALI: Harusini napiga picha za vijana wa Kimaasai wakiruka adumu, ngoma yao ya kuruka juu, usiku, ukumbi ukiwa na mwanga hafifu. ISO yangu imefika mwisho na bado picha zina ukungu. Nifanyeje? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwanza, mngoje mrukaji afike kileleni. Pale juu, kabla hajaanza kushuka, mwili wake husimama kwa kitambo kidogo sana, na 1/250 inaweza kutosha kwa kiwiliwili, ingawa shanga na nywele zitaendelea kucheza.

Pili, tumia flashi. Mmweko wake mara nyingi ni mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, na ukiipunguza nguvu unakuwa mfupi zaidi, hivyo ukumbini penye giza mmweko ndio unaofanya kazi ya shata. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alitumia njia hiyohiyo mwaka 1957 katika picha yake mashuhuri ya tone la maziwa lililoruka na kuwa mfano wa taji. Kasi ya shata isipite 1/200, kwa kuwa katika kamera nyingi za kawaida pazia la pili huwahi kuingia na kuacha mstari mweusi kwenye picha. Punguza pia ISO, maana taa za ukumbi zikichangia mwanga mwingi, mrukaji atazungukwa na kivuli cha mwendo wake.

SWALI: Mpira wa kikapu ndani ya ukumbi, 1/1000, picha kumi za mfululizo: nyingine zina mwanga, nyingine zimefifia na kuwa za manjano. Je, kamera imeharibika? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Haijaharibika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila macho kutambua, lakini shata ya 1/1000 hukata kipande kimoja tu cha mzunguko huo. Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 na baadhi ya kamera zilizofuata zina mpangilio wa kusubiri kilele cha mwanga. Utafute kwenye menyu yako. Usipoupata, piga mfululizo mrefu zaidi, uhifadhi picha katika RAW (faili ghafi ya kamera) ili rangi ziweze kurekebishwa, kisha uchague zilizoangukia kwenye mwanga.