Nilibadilisha miwani mara tatu, kumbe ni sukari

Juma lililopita dada mmoja wa Likasi aliniandikia. Ana miaka 42, anashona, na uzi hauingii tena kwenye sindano mpaka amwite mtoto. Akauliza: "Mama, ninunue miwani ya namba gani?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika mpaka usiku. Acha niwaandikie wote, maana najua ninyi mnaonisoma hamtaki kutia viraka maisha yenu yote. Mnataka atelie yenye jina, wanafunzi, na nguo za harusi zinazofanya watu waulize zimeshonwa na nani. Hayo yote yanapitia machoni.

Mimi ni wa Katuba, hapa Lubumbashi, na nimekalia cherehani miaka 21. Nilipofika 43, matundu ya vifungo yalianza kunikimbia. Hilo ni la umri: kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho inakuwa ngumu, cha karibu hakionekani vizuri. Nikanunua miwani kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, dola 3, nikaona, nikafurahi.

Baada ya muda haikunifaa tena. Nikanunua ya pili, kisha ya tatu. Ajabu ni kwamba kuna majuma nilisoma bila miwani kabisa, halafu ukungu ukarudi. Nikasema ni vumbi la kiangazi. Nikasema ni kushona kwa tochi umeme ukikatika. Kwenye duka moja la dawa wakaniuzia matone bila hata kunitazama jichoni, nikayatia miezi minne.

Ndipo nikaharibu gauni la mama mmoja. Kitambaa bluu ya giza, mimi nikashona kwa uzi mweusi kuanzia bega mpaka upindo, nikiamini ni rangi moja. Alilitandaza mbele ya wateja wangu akasema nimezeeka, niwaachie vijana kazi. Niliirudisha pesa yake yote. Maneno yale bado yananichoma, siwezi kusema uongo.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, ndiye aliyenivuta mpaka hospitali ya mjini. Mpima macho alinipima, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Mama, usiku unaamka mara ngapi kwenda kukojoa?" Niliona ananivunjia heshima. Nimekuja kwa macho! Lakini nilikuwa naamka mara nne. Wakanichoma kidole, mashine ikaonyesha sukari 342, juu sana.

Akanieleza kwamba sukari ikipanda katika damu, lenzi inavuta maji na kuvimba, na namba ya miwani inabadilika nayo. Akakataa kuniuzia miwani mpaka sukari itulie majuma kadhaa. Mtu anayekataa pesa yako kwa sababu hiyo, mshike sana.

Kisha daktari alinitia matone ya kupanua mboni, akatazama nyuma ya jicho. Ndani mle mishipa midogo ya damu inaonekana wazi bila kupasua mtu. Sukari na presha huacha alama zao pale. Yangu ilikuwa imeanza kuvuja kidogo, na sikuwa na maumivu yoyote. Akaomba kuona ile chupa ya dukani. Ilikuwa na kotizoni, dawa ambayo ikitumiwa muda mrefu hupandisha presha ndani ya jicho na huweza kuleta glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuona, tena huharakisha mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hupasuliwa, mtu akaona tena. Kilichochukuliwa na glakoma hakirudi. Presha yangu ya jicho ilishuka nilipoacha matone yale, namshukuru Mungu. Lakini miezi minne!

Dada zangu, acheni kutia jichoni kitu ambacho hakuna aliyewapima kabla ya kuwapa. Nendeni mkapimwe. Mkifika, ombeni sukari na presha vipimwe siku hiyo hiyo. Mwenye sukari atazamwe nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Najua mtasema pesa iko wapi. Sisi mafundi 14 tulitenga fungu la macho ndani ya likelemba yetu, yaani mchango wetu wa kupokezana: kila Jumamosi kila mmoja anaweka faranga 1,000, na kila mwezi wawili wanakwenda. Mwezi uliopita tumemaliza wote. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alikufa kipofu, amekutwa na glakoma mapema na anatia dawa kila jioni. Hilo najivunia kuliko gauni lolote nililowahi kushona.

Nendeni mkapimwe, narudia.

Na wewe wa Likasi, usinunue namba yoyote kwanza. Panda bisi uje siku ya kazi, asubuhi. Baada ya yale matone ya kupanua mboni mwanga unachoma na cha karibu hakionekani kwa saa kadhaa. Mimi nilirudi nimeshika mkono wa yaya mpaka mlangoni. Kama huna wa kuja naye, nitakupeleka mwenyewe.