Jibu: Namna ya kuonja sosi ya pilipili isiyo kali

Ndugu, umeuliza kwa nini sosi yako ya pilipili hoho, uliyoitia siki vijiko vinne kwa hoho tatu, ni tamu ukiilamba jikoni lakini haisikiki mezani. Hapa Kigoma mimi huonja mara mbili: kwanza tone moja juu ya ugali wa muhogo uliopoa kidogo, kisha juu ya mgebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) uliokaangwa kwa mawese, kwa sababu mafuta huyeyusha kapsaisini, yaani kile kinachowasha, na ukali uliokuwa mdogo tangu mwanzo huzidi kufifia. Subiri sekunde 30 hivi kabla ya kuihukumu, maana uchachu hutangulia na mwasho hufuata. Ukitaka kurudia, sukutua kwa maziwa, wala si maji, ambayo hayaondoi kapsaisini (mtindi nao unafaa, ila usiwe mchachu sana). Sosi ya upole haina moto wa kufichia kasoro, hivyo kitunguu saumu kilichoungua hujulikana papo hapo. Yako, kwa maoni yangu, imezidiwa na siki. Punguza hadi vijiko viwili, uchome hoho mpaka ganda liwe jeusi na kumenyeka, kabla hujakimbilia pilipili mbuzi.