Kabla hujakodi ukumbi wa kuzindua kitabu

Mdogo wangu uliyetoka kuchukua maboksi yako kwa mchapaji, hongera sana. Wengi huanza kuandika, wachache humaliza. Sasa nisikilize kidogo kabla hujakodi ukumbi.

Riwaya yangu ya kwanza nilichapisha nakala 500 kwa fedha zangu. Nikakodi ukumbi hapa Mwanza, nikaalika mgeni rasmi, nikatundika bango. Watu walijaa, wakala, wakapiga picha. Ziliuzwa nakala 31, nyingi kwa ndugu na wafanyakazi wenzangu. Miezi minne baadaye maboksi yalikuwa bado chini ya kitanda, na la chini kabisa limeanza kuingia unyevu.

Dagaa ndio walioyatoa pale. Riwaya inamhusu mama anayechuuza dagaa, na sehemu kubwa inatokea mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza. Siku moja nikaenda huko na nakala kumi tu kwenye mfuko, nikakaa kwa mama mmoja aliyenisimulia mengi wakati naandika. Nikamsomea ukurasa ambapo mvua inashuka ghafla na dagaa bado wameanikwa. Akanikatiza: "Hapo umekosea mwanangu. Hatukimbilii turubai kwanza, tunakusanya waliokwisha kukauka." Jirani yake akabisha. Wengine wakasogea, wakataka nirudie kusoma. Nakala nne zikaondoka palepale, na wiki iliyofuata nikapigiwa simu na wafanyabiashara wa Musoma na Bukoba wanaokuja kuchukua mzigo Kirumba. Nakala zao nilizituma kwa basi kama kifurushi.

Kwa hiyo jiulize kwanza: kitabu hiki kinamhusu nani, na watu hao hukaa wapi pamoja? Kama ni bodaboda, nenda kijiweni. Kama ni wanakwaya, nenda siku ya mazoezi. Beba nakala chache na ukurasa mmoja uliouzoea kuusoma kwa sauti. Ukurasa wa mwisho wa kitabu weka namba ya simu na jina litakalotokea mtu akilipia. Msomaji aliyeguswa akimaliza usiku, asianze kuuliza nakala nyingine inapatikana wapi.

Redio za mikoani zinasaidia sana, ila mtangazaji anatafuta mada ya kuzungumza na wasikilizaji wake. Mimi nilipokwenda kuomba "kutangaza kitabu" nilizungushwa. Niliporudi na mada ya mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ambayo ndiyo inayomwangusha mama wa riwaya yangu, nilipewa nafasi, na simu za wasikilizaji hazikukatika. Kuelekea 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, vyuo na redio hutafuta wageni. Peleka barua yako mapema, Mei hivi.

Madukani utaambiwa uache vitabu kwa mali kauli, yaani ulipwe vikishauzwa. Kubali, lakini mwandikishane idadi, bei na tarehe ya kuhesabu. Duka moja lilibaki na nakala zangu 40 na sikuwa na hata karatasi ya kudai. Niliumia sana, maana ile ilikuwa fedha ya ada ya mtoto.

Nakala za bure usimgawie kila rafiki. Mpe mwalimu wa Kiswahili anayependa kusoma, mpe mkutubi.

Na mswada wako ujao usiukimbizie kwa mchapaji. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania tangu 2022, na ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti yao kabla hujachapisha chochote. Tuzo moja hukutambulisha kwa watu ambao wewe na mfuko wako wa nakala kumi hamwezi kuwafikia.

Toleo la pili nimeirekebisha ile sentensi ya turubai. Nakala ya kwanza aliichukua yule mama wa Kirumba, na alikataa katakata kupewa bure.