Maswali Yenu: Amani Ipi Aliyotuachia Yesu?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Barua nyingi wiki hii zimeuliza habari za amani. Nimechukua nne.

Mchungaji, nimeokoka, lakini tangu mume wangu aachishwe kazi sipati usingizi. Je, nimepoteza amani ya Kristo?

Hapana, mama yangu. Angalia Yesu alisema lini, "Amani nawaachieni; amani yangu nawapa" (Yohana 14:27). Ni usiku ule ule aliokamatwa. Saa chache baadaye, Gethsemane, aliwaambia wanafunzi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Mwenye amani mwenyewe alihangaika, ila alihangaika akimwita Baba. Paulo naye aliandika juu ya amani ipitayo akili zote akiwa kifungoni, na papo hapo akatuagiza tumjulishe Mungu haja zetu. Basi ukiamka saa nane usiku, itaje kodi ya nyumba, taja na ada ya mtoto, kwa kiasi chake. Mungu hachoshwi na hesabu za nyumbani. Asubuhi mwambie na mama mwenzako wa kanisani unayemwamini.

Kaka yangu aliuza shamba la marehemu baba bila kutushirikisha. Wazee wanasema ninyamaze nilinde amani ya ukoo.

Hili linaniuma, maana nimeliona katika nyumba nyingi za waumini: sinia la pilau linazunguka, watu wanacheka, na ndugu wawili wamepeana migongo. Yeremia aliwakemea viongozi walioponya jeraha la watu kwa juujuu, wakisema amani, amani, wala hapana amani (6:14). Neno *shalom* la Kiebrania lina maana ya ukamilifu, na mzizi wake ndio huo huo wa kitenzi cha kulipa fidia. Zakayo alilielewa hilo: wokovu ulipoingia nyumbani mwake, alitaja hadharani kiasi atakachorudisha. Mwendee kaka yako, ninyi wawili tu kwanza (Mathayo 18:15). Sema shamba, sema bei, usimtukane. Akikataa, rudi na mashahidi. Kudai haki bila chuki si kuvunja amani. Aliyeuza kwa siri ndiye aliyeivunja.

Mbona Yesu alisema hakuja kuleta amani bali upanga?

Endelea kusoma Mathayo 10. Anasema juu ya nyumba inayogawanyika kwa sababu mmoja wao amemfuata. Upanga huo humpata mfuasi. Si wa kushika. Petro anatajwa katika Yohana kuwa ndiye aliyeuchomoa wa chuma, naye akaamriwa aurudishe.

Ibadani tunatakiana amani kwa kupeana mikono. Yupo dada ninayempa mkono huku simtazami usoni, tuligombana kwenye kikoba.

Mathayo 5:23-24 inakutaka uiache sadaka mbele ya madhabahu, upatane kwanza. Usingoje Jumapili, binti yangu. Nenda kwake Jumamosi jioni, na kama daftari la kikoba ndilo lililowagombanisha, lichukue.