eSanjeevani ya India: kumwona daktari ni bure kweli

Unauliza kama eSanjeevani, huduma ya India ya kumwona daktari kwa mtandao, ni bure? Ni bure kweli, ndugu, haina makato ya siri. Huduma ni ya Wizara ya Afya ya India, si kampuni. Ilianza Novemba 2019 kwa kuunganisha vituo vidogo vya afya na madaktari wa hospitali kubwa, na Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa ndani kwa korona, wagonjwa wakaruhusiwa kumwona daktari kwa video wakiwa nyumbani. Unajisajili kwa namba ya simu, unasubiri foleni, mwisho unapata cheti cha dawa cha kielektroniki. Asiye na simu janja huenda kituo cha afya cha kijijini, mhudumu wa pale anamuunganisha na daktari. Kwangu mimi, hapo ndipo maskini anaposaidika hasa, kuliko kwenye hiyo programu ya simu.

Ila bure ni ushauri tu. Dawa ukinunua duka la binafsi unalipa mwenyewe. Dawa za kulevya kama mofini haziandikwi kwa njia hii, mwongozo wa India wa 2020 kuhusu matibabu kwa mtandao umekataza. Na mtu akizidiwa ghafla, apelekwe hospitali moja kwa moja.