Judo ina babu zake: jibu kwa aliyesema ni mieleka ya Olimpiki

Mkuu, umesema judo haistahili kuitwa sanaa ya jadi ya Japani, kwamba ni mieleka ya Olimpiki iliyofungwa mikanda. Nami niliingia na dhana hiyohiyo. Nimefanya mazoezi Unguja mwaka wa 11 sasa, na hili linanigusa, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Kweli, judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, kule Tokyo. Lakini Kano Jigoro, aliyeianzisha, hakuibuni hewani. Alizaliwa 1860, mwili mdogo, shuleni akionewa, akaitafuta jujutsu, sanaa ya kale ya Kijapani ya kupigana kwa mikono, wakati Wajapani wenyewe wanaipa kisogo. Samurai walikwishapigwa marufuku kutembea na panga mwaka 1876, na walimu wa sanaa za kale wakakosa wanafunzi. Mwaka 1877 akampata Fukuda Hachinosuke wa shule ya Tenjin Shin'yo-ryu. Fukuda akafariki, akahamia kwa Iso Masatomo wa shule hiyohiyo. Naye alipofariki mwaka 1881, Kano akaenda kwa Iikubo Tsunetoshi wa shule nyingine, Kito-ryu. Kwa wale wa kwanza alijifunza zaidi kukaba na kumdhibiti mtu chini. Kwa Iikubo, kubwaga. Mwaka 1882 akafungua Kodokan, shule yake ya judo, ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo, mikeka 12 tu.

Sasa nije kwenye kiini, maana hapo ndipo nilipoteseka.

Nilianza nikiwa kijana wa kubeba mizigo, mikono imekakamaa kama kamba ya jahazi. Osoto-gari, kumbwaga mtu kwa kumfagia mguu kutoka nyuma, nilipoonyeshwa nikasema huu si ni mtama tu, tumeupiga tangu utotoni. Nikamkamata mwalimu wangu, mtu mzima, mwepesi kuliko mimi kwa kilo nyingi, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Hakutikisika. Nikavuta tena, akanifuata hatua moja, na mimi ndiye niliyeuona mkeka. Ikawa hivyo miezi. Aliniambia neno moja tu: "Mguu wake umebeba uzito wake wote, wewe unauchotea nini? Kwanza umwondolee pa kusimama."

Hiyo ndiyo kuzushi, kumvunja mtu mizani kabla hujambwaga. Kisha inakuja tsukuri, kujiweka mahali pake, halafu kake, kubwaga kwenyewe. Sisi wageni hurukia la tatu.

Kano mwenyewe alisimulia jinsi alivyolipata. Iikubo, ambaye umri ulikwishapita 50, alikuwa akimbwaga kila siku. Siku moja ikawa kinyume: Kano anabwaga, habwagwi. Mwalimu akashangaa, akamuuliza amefanya nini. Akajibu kwamba amekuwa akichunguza namna ya kumvunja mtu mizani kabla ya kumbwaga. Iikubo akakiri kwamba hana tena la kumfundisha. Nikisoma kisa hiki huwa namfikiria zaidi yule mzee. Kukubali kupitwa na mwanafunzi wako, na bado ukamkabidhi urithi wote wa shule yako, si kila mwalimu anaweza.

Kanuni mbili kubwa, seiryoku zen'yo (kutumia nguvu vizuri kadiri inavyowezekana) na jita kyoei (mimi na mwenzangu tunufaike pamoja), Kano alizitangaza rasmi baadaye. Ile ya pili wengi huiona ni maneno ya ukutani. Mimi naiona kila jioni: mwenzangu ananikopesha mwili wake nimbwage, nami namshika mkono wa kanzu ili aanguke salama. Bila yeye sina judo.

Ukitaka kuwaona hao babu kwa macho yako, tafuta Koshiki no kata, onyesho la mbinu zilizopangwa kwa mfuatano. Ni mbinu 21 za Kito-ryu ambazo Kano alizihifadhi. Wawili huenda polepole na kwa uzito, kana kwamba wamevaa deraya, kwa sababu mbinu hizo zilikusudiwa wapiganaji waliovaa deraya kweli. Tazama wanavyoshuka. Ni ileile kuzushi iliyonilaza mimi mkekani.